Rufaa ya Talaso

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa ofisi. Vijana niliowaachia meza waliniomba niwaandikie tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta, nami nimekubali, ila kwa masharti yangu. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara nitauruka pia, kwa sababu hiyo hiyo. Nitawaambia ya kazi yenyewe, na zaidi nitawaambia ya Talaso.

Niliingia ofisini mwanzo wa miaka ya sabini, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo vumbi la Isiolo lilivimeza kabla sijafika mlangoni. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, bati juu, dirisha moja lililotazama njia ya kwenda sokoni, ambako siku za mnada mbuzi walipita wakilia kama watu waliokosa tumaini. Wakili wetu aliishi Meru na alishuka kwetu mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote ofisi ilikuwa ya Mzee Mutwiri, karani mkuu, Mmeru wa Nyambene, ambaye shavu lake la kushoto lilivimba kwa miraa ya kutafuna kuanzia alasiri na kusinyaa magharibi.

"Unajua taipu?" aliniuliza.

"Najua, Mzee."

"Na Kiborana?"

"Nimekulia Bulla Pesa, mtaani kwao. Nimecheza na watoto wao, nimekula kwao, nimechapwa na mama zao."

"Basi Kiborana unakijua. Taipu tutaona."

Alinifundisha mambo madogo kwanza. Karatasi za kaboni ziligandana kwa joto, hivyo tuliziweka kwenye mkebe, na mkebe ndani ya sanduku la mchanga lililomwagiwa maji kila asubuhi. Utepe wa mashine ulikauka upesi, na dawa yake ilikuwa tone la mafuta ya cherehani. Mteja akiingia, funika mashine. Mtu aliyenyimwa kitu huona mashine iliyo wazi kama kinywa kingine kinachongoja kumkatalia.

Maana kazi yetu ilikuwa kunyimwa. Watu walituletea kunyimwa kwao kama wagonjwa wanavyoleta homa: kunyimwa leseni ya duka, kunyimwa kibali cha kupita kizuizi cha barabarani, kunyimwa pasipoti, na kadiri miaka ilivyosonga, kunyimwa viza. Kijana mmoja wa Kinna aliyepata nafasi ya chuo ng'ambo alikataliwa kwa sababu yeye, baba yake na kaka zake wawili wote walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari. Ofisa aliona hapo harufu ya kughushi.

"Huku kila mtu amezaliwa mwaka mpya," alisema Mzee Mutwiri. "Serikali iliwazalisha wote kwa kalamu moja."

Tuliambatisha barua ya chifu iliyoeleza ni ukame upi uliomkuta kijana yule tumboni, na ni upi uliomkuta anatambaa. Alipata. Akarudi na shahada, na mafua yasiyokoma.

Kuhusu kuandika rufaa, Mzee Mutwiri alikuwa na somo moja alilolirudia hadi nikalichukia kwanza, kisha nikalipenda. "Rufaa si kilio," alisema. "Andika kana kwamba unamwelekeza mgeni njia ya kisimani. Apite hapa, akate pale, ataona jiwe. Usimwambie kiu yako. Akifika ataona maji mwenyewe."

Talaso alikuja kiangazi kimoja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa Garbatulla, amejitanda shuka jeusi, na alikaa kwenye ukingo wa benchi kana kwamba benchi lenyewe lingeweza kumkatalia. Pamoja naye alikuwa shemeji yake, Boru, mdogo wa mumewe. Boru ndiye aliyezungumza.

Kaka yake alikuwa mganga wa mifugo, alisema, mtu wa chanjo na majosho. Alipelekwa kusoma Ulaya. Huko, majira ya barafu, gari liliteleza likamgonga akivuka barabara. Alivunjika mbavu, mapafu yakaingia maji, na sasa alikuwa akipumua kwa hewa ya mtungi. Chuo kilikuwa kimetuma barua: madaktari wanamtaka mkewe aje, na aje upesi. Nauli ilikwisha lipwa na chuo. Talaso alipata pasipoti, akaenda Nairobi ubalozini. Akanyimwa viza.

Boru aliweka barua ya kukataliwa mezani. Ilikuwa fupi. Ofisa hakuridhika kwamba mwombaji ni mke wa mtu anayemtaja.

Mzee Mutwiri aliisoma, akahamisha miraa kutoka pembe moja ya shavu hadi nyingine, akamgeukia Talaso. "Mama, mumeo anaitwa nani?"

Talaso alitazama sakafu. Kisha akamtazama Boru.

"Halake," alisema Boru. "Halake Jarso."

"Nimemwuliza yeye."

Nilimpiga Mzee Mutwiri teke la mguu chini ya meza. Ni mara ya pekee niliyowahi kumfanyia hivyo, na aliitumia dhidi yangu miaka mingi.

Sisi tuliokulia Bulla Pesa tulilijua jambo hili kama tulivyojua njia ya choo. Mke wa Kiborana hatamki jina la mumewe, wala la baba mkwe wake. Hulizunguka kama mtu anavyozunguka mkeka wa sala. Akilazimika, humtazama mtu aliye karibu, na mtu huyo hulisema kwa niaba yake. Hakuna anayeona ajabu. Ila mlango wa ubalozini ulikuwa na askari, na askari alimwacha Boru nje.

Nikamwomba Talaso anisimulie kwa Kiborana yaliyotokea ndani. Alisema kwa sauti ya chini. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kilikwenda mbio kama maji ya mfereji. Alimwuliza jina la mume. Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema, Baba Kabale. Ofisa akatazama cheti cha ndoa, hakumwona Baba Kabale yeyote. Akauliza, huyo Kabale ni nani? Ni binti yangu. Jina lake kamili? Kabale. Kabale nani?

"Nikanyamaza," alisema Talaso. "Jina la pili la mtoto ni lake yeye, baba wa mtoto."

Kwa hiyo ofisa aliandika alichokiona: mwanamke asiyejua jina la mumewe, wala jina la mwanawe wa kumzaa.

Siku za kukata rufaa zilikuwa chache na nyingine zilikwisha liwa na safari. Niliandika, Mzee Mutwiri akafuta. Niliandika tena. Pale nilipoandika "kwa uchungu mkubwa", alichora mstari na kuandika pembeni, kisima. Tulipata maelezo ya kadhi, ya chifu, na ya mwalimu mmoja mstaafu Mborana aliyeeleza mila ile kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula. Wakili akaipeleka rufaa Nairobi kwa mkono wake. Jibu likarudi kwamba mwombaji atasikilizwa upya, kwamba aweza kuleta shahidi mmoja anayemjua mume, na kwamba uamuzi utakaotolewa utakuwa wa mwisho.

Siku iyo hiyo simu ya maandishi iliingia posta kutoka chuoni. Halake amezidiwa. Wamemtoboa koo ili apumue.

Mji mzima ukawa na ushauri. Muuza chai aliyekuwa karibu na ofisi alimwambia Talaso, "Mama, si useme tu? Neno ni upepo." Boru naye alichoka kuwa mpole.

"Shemeji, sema. Mungu ni mwenye kusamehe."

"Mungu simwogopi kwa hili," alijibu Talaso. "Mtu yuko chali, watu wasiomjua wanamwogesha, wanamgeuza, wamemtoboa shingo. Heshima yake yote imebaki mdomoni mwangu. Nikiimwaga dirishani kwa mzungu, nitampelekea nini?"

Mimi nilikuwa na jibu, la kiofisi, nikaliacha.

Ndipo akaja mama mkwe. Akko Tume alishuka kutoka kwenye lori la ng'ombe mbele ya ofisi yetu, mwanamke mdogo kama kijiti cha kuchokonoa moto, akakung'uta samadi kwenye ukanda wa viatu na kuingia bila kubisha. Akko ni nyanya, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, pamoja na Mzee Mutwiri aliyekuwa rika lake.

"Salaam aleikum. Nani hapa anaandika?"

"Mimi, Akko," nilisema.

"Kwa nini asiende Boru? Mwanamume anajua barabara. Huyu hata Isiolo anapotea."

"Boru hakuitwa, Akko. Madaktari wameita mke."

"Mke!" Alimkagua Talaso kana kwamba anamnunua sokoni. "Mke ambaye hata chai yake ina moshi." Kisha akaketi karibu naye, bega kwa bega, akauliza safari hii kwa sauti nyingine: "Umekula?"

Mzee Mutwiri ndiye aliyewaza. Alimtazama Akko Tume kwa muda, akatema majani dirishani. "Shahidi si huyu hapa? Boru watasema ni shemeji aliyefunzwa la kusema; huyu ndiye aliyemzaa. Mama halazimiki kunyamaza jina la mwanawe. Atalisema yeye, ofisa atalisikia kwa kinywa cha familia, na binti atabaki na heshima yake."

Tulilipenda wazo hilo sana. Wakili alilipenda. Hata Talaso aliinua uso. Akko Tume alisema atakwenda hiyo Nairobi kwa furaha, maana alitaka kumwona kwa macho yake huyo mtu anayekaa kutwa akiuliza watu majina.

Nilikwenda nao kama mkalimani. Chumba cha mahojiano kilikuwa na zulia, na Akko Tume alivua viatu mlangoni. Talaso naye akavua. Nikasita, nikabaki na vyangu. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Alikuwa ameisoma rufaa yetu, alama za kalamu yake zilionekana pembeni.

"Nimesoma," alisema, nami nikatafsiri. "Ninaamini mila hii ipo. Lakini mwelezeni mama huyu jambo moja. Akitua kule, atasimama mbele ya ofisa mwingine, peke yake. Ofisa huyo hajasoma karatasi hii. Atamwuliza, unakwenda kumwona nani? Asipojibu, atarudishwa kwa ndege iyo hiyo. Mimi nitakuwa nimempa viza ya kwenda kuona uwanja wa ndege."

Wakili wetu alirekebisha tai. Alilosema ofisa lilikuwa kweli, na katika kazi hii hakuna kitu kigumu kukikatia rufaa kama ukweli.

Nilimtafsiria Talaso. Vidole vyake vilikamata ncha ya shuka.

"Tumsikie shahidi kwanza," alisema wakili upesi.

Ofisa akamgeukia Akko Tume. "Mama, mwanao aliyelazwa anaitwa nani?"

"Halake!" alisema Akko, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Halake. Nimemwita jina hilo kabla hajajua kugeuka kifudifudi."

Ofisa aliandika. Nilianza kupumua.

"Jina lake kamili?"

"Halake."

"Halake nani?"

Akko Tume alifungua kinywa. Kisha akakifunga.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jarso alikuwa mumewe. Sote tulikuwa tumemwona mama, tukasahau kuwa mama naye ni mke. Tulikuwa tumesafiri kutoka Isiolo, wakili, mkalimani na mafaili, kumleta mtu wa kutamka jina, na jina lilikuwa na nusu mbili, na nusu ya pili ilikuwa imefungiwa kinywani mwake tangu siku ya harusi yake. Jarso alikuwa amekufa zamani. Kifo hakikuwa kimelegeza fundo hilo hata kidogo.

"Halake nani?" alirudia ofisa.

Akko Tume alinitazama mimi. Ndivyo mila inavyotaka: humtazama aliye karibu, naye husema. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini mkalimani hajibu maswali. Kama ningelitamka, ofisa angeandika kwamba shahidi alilishwa maneno, na kila kitu kingeishia pale kwenye zulia.

Nikatikisa kichwa. Nilimtikisia kichwa mwanamke mzee aliyeniomba msaada, na nilimwona akielewa.

Kalamu ya ofisa ilingoja. Talaso alikuwa amefunika uso wote kwa shuka. Nje, mtu alicheka kwenye korido, sauti ya mtu ambaye karatasi zake ziko sawa.

Akko Tume alisimama. Alinyoosha shuka lake, akaelekea si kwa ofisa, bali ukutani, mahali pasipo mtu.

"Jarso," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, ya msichana. Alinyamaza kidogo kama anayengoja kuitikiwa. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Talaso. Umenisikia?"

"Nimesikia, Akko." Sauti ilitoka ndani ya shuka.

"Miaka yote hii sikumwita. Hata alipokuwa anakata roho nilimwita Baba Halake. Leo nimemwita mbele ya watu, na wangu yuko kaburini, hawezi kuniitikia. Tutaelewana huko tutakakokutana. Wako anapumua. Ukinyamaza hapa, utamwita lini? Utamwita ukutani kama mimi?"

"Anasema nini?" aliuliza ofisa.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Ofisa aliweka kalamu chini.

Talaso alishusha shuka. Alisimama wima, maana jambo kama lile halisemwi mtu ameketi. Macho yake hayakuwa kwa ofisa wala kwetu.

"Halake," alisema. "Halake Jarso. Ni mume wangu. Nakwenda kwake."

Akko Tume alimshika mkono na kumkalisha kama mtu anavyomkalisha mgonjwa. Ofisa aliandika kwa muda mrefu, akafunga faili, akasema tungoje nje. Halafu, wakati tumefika mlangoni na wenzangu wakivaa viatu, akamwuliza Akko Tume kama yeye pia angetaka kusafiri.

"Mimi?" alisema Akko. "Ng'ombe atakamua nani? Wewe?"

Tuliketi kwenye benchi la korido mchana kutwa. Wakili alienda kula, akarudi, akaenda kupiga simu, akarudi. Talaso hakuomba maji. Walipoita jina lake lilikuwa jina lake mwenyewe, nalo aliliitikia bila shida, na pasipoti ikapenyezwa chini ya kioo ikiwa na mhuri uliokuwa bado unanata.

Lakini mhuri haumponyi mtu, na hili nawaambia ninyi mliobaki mezani. Mara nyingi tulishinda rufaa, tukafungua chupa za soda, na mgonjwa alikuwa amezikwa. Talaso aliondoka na ndege. Boru akarudi Garbatulla kwenye mifugo. Akko Tume alikataa kuondoka Isiolo. Alilala nyumbani kwa mama yangu, akaikosoa chai yetu, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi la ofisi akitazama mlango. Hakuna aliyejua kama kule uwanjani Talaso aliulizwa, na kama aliulizwa, kama alijibu. Mzee Mutwiri aliacha kutafuna miraa mbele yake. Kwa Mmeru wa Nyambene hiyo ni saumu.

Kisha mtu wa posta akaja mbio. Simu ya ng'ambo imeombwa, tuwe posta jioni hiyo.

Tulijibana watatu mbele ya kile kijumba cha mbao, mimi, Akko na Mzee Mutwiri, huku mtu wa posta akipigia kelele Nairobi, na Nairobi ikimpigia kelele yeye. Mwishowe alimpa Akko Tume mkono wa simu. Aliushika kama anavyoshika mtoto mchanga, kwa mikono miwili. Nilibandika sikio langu karibu na lake.

"Akko?" Sauti ya Talaso ilitoka mbali, imefunikwa na mvumo kama wa mchanga. "Akko, nimefika. Waliniuliza. Niliwajibu."

"Umemkuta?"

Mvumo ukapanda, ukameza maneno. Akko alifumba macho.

"Umemkuta, Talaso?"

"...hawezi kuongea, Akko. Koo lina bomba. Ngoja. Wameleta simu hadi kitandani. Ngoja nitaishika hapa karibu na shingo."

Halafu hakukuwa na neno lolote. Muda ukapita. Mtu wa posta alinyoosha shingo, akasikiliza pembeni, akatikisa kichwa.

"Mama, hakuna mtu hapo. Laini imekufa. Weka chini, wengine wanangoja."

Akko Tume alimsukuma kwa kiwiko, sikio lake likiwa bado limegandamana na simu.

"Nyamaza wewe," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii mtoto yangu. Iko napumua."